Kuichagua Kompyuta ya Kuigia Urubani

Kiigaji cha urubani, yaani programu inayoiga mwenendo wa ndege pamoja na ulimwengu unaoizunguka, huitwisha kompyuta kazi mbili kwa wakati mmoja: kukokotoa na kuchora. Katika kila fremu, ambayo ni picha moja kati ya nyingi zinazofuatana upesi hadi jicho likaona mwendo, prosesa hukokotoa nguvu zinazoliinua bawa, msukumo wa injini, upepo, geji za chumba cha rubani na mienendo ya ndege nyingine zilizo angani, kisha huandaa orodha ya majengo, miti na barabara zinazopaswa kuonekana, ndipo kadi ya picha inapoipokea orodha hiyo na kuigeuza kuwa rangi kwenye skrini. Ili zipatikane fremu 60 kwa sekunde, kila fremu sharti ikamilike ndani ya milisekunde 16.7; kwa fremu 30, muda unaoruhusiwa ni milisekunde 33.3. Mtu anayekusudia kununua au kuboresha kompyuta kwa kazi hii hana budi kujua kwanza ni kifaa gani kinachoumaliza muda huo, kwa sababu fedha zikielekezwa kwenye kifaa kingine haziongezi hata fremu moja.

Wanunuzi wengi huanza na kadi ya picha, na kwa michezo mingi ya kompyuta hawakosei. Urubani una tabia yake. Hesabu zake nyingi hutegemeana kwa mfululizo: nguvu za hewa hujulikana kwanza, kutokana nazo hupatikana mahali papya pa ndege, na ni baada ya hapo tu ndipo inapowezekana kuamua kitakachoonekana dirishani. Mfululizo huo hupita katika uzi mkuu, yaani mlolongo wa amri unaotekelezwa na kiini kimoja cha prosesa kwa wakati mmoja, hata kama prosesa yenyewe ina viini 16. Mwanasayansi wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza tatizo la aina hii mwaka 1967: ikiwa nusu ya kazi haiwezi kugawanywa, basi hata viini 1,000 havitaifanya kazi nzima iende zaidi ya mara 2 ya kasi ya awali.

Historia ya Flight Simulator X, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006, inaonyesha gharama ya kulisahau jambo hilo. Programu hiyo iliutegemea mno uzi mmoja, ilhali kasi ya mapigo ya prosesa, inayopimwa kwa gigahezi, ilikuwa tayari imekwama. Miaka 2 kabla, Intel ilikuwa imeufuta mpango wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4, joto likiwa kikwazo kikubwa, na watengenezaji wakageukia kuongeza viini. Kwa miaka mingi baadaye watu walinunua mashine mpya zenye viini vingi, na bado ndege zao zilisuasua karibu na viwanja vikubwa.

Nafuu iliyofika mwaka 2022 ilitoka upande ambao wanunuzi wengi hawakuwa wakiutazama. Prosesa ya kisasa hufanya hesabu upesi kuliko kumbukumbu kuu, yaani RAM, inavyoweza kuiletea data, na kwa hiyo sehemu kubwa ya muda wake hupotea katika kusubiri. Ili kupunguza kusubiri huko, ndani ya prosesa huwekwa kashe, hifadhi ndogo yenye kasi kubwa inayotunza data zinazohitajika mara kwa mara, kama seremala anavyoweka misumari mfukoni badala ya kuifuata stoo kila apigapo nyundo. Mwezi Aprili mwaka huo AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D, ambayo juu ya kashe yake ya megabaiti 32 ilibandikwa tabaka jingine la megabaiti 64, jumla ikawa 96. Kasi yake ya juu kabisa ni gigahezi 4.5, pungufu ya gigahezi 4.7 za 5800X isiyo na tabaka hilo, lakini katika majaribio ya Microsoft Flight Simulator iliipita waziwazi. Hapa kuna somo la sayansi lenye uzito: data za kiigaji, kuanzia umbo la ardhi hadi hali ya kila swichi, ni nyingi na zimetawanyika, na kinachoamua idadi ya fremu mara nyingi si wepesi wa kuhesabu bali ni ukaribu wa kinachohesabiwa. Ndiyo maana 7800X3D ya mwaka 2023, yenye viini 8 vyote vinavyotumia kashe hiyo kubwa, ni chaguo la busara zaidi kwa rubani kuliko 7950X3D yenye viini 16, kwa kuwa ndani ya hiyo ya pili ni viini 8 tu vinavyoifikia kashe ya ziada moja kwa moja.

Kabla ya kununua chochote, mwenye kompyuta anaweza kufanya jaribio lisilo na gharama. Skrini ya pikseli 3840 kwa 2160 ina nukta zaidi ya milioni 8, mara 4 ya zile za skrini ya 1920 kwa 1080. Fremu zikiongezeka sana baada ya kushusha idadi ya pikseli, kadi ya picha ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zisipobadilika, mzigo uko kwenye prosesa, na kadi mpya ya bei ghali itakaa ikisubiri amri. Jaribio hilo lifanyike juu ya jiji kubwa na katika ndege ile ile inayotumiwa kila siku, kwani juu ya bahari tupu karibu kila kompyuta huonekana bora.

Uboreshaji una mipaka inayowekwa na ubao mama, ambao soketi yake huamua aina ya prosesa inayoweza kupachikwa. Mwenye ubao wa soketi ya AM4 wa mwaka 2017 aliweza, katika hali nyingi, kusasisha programu ya msingi ya ubao huo na kuweka 5800X3D huku akibaki na RAM yake ya DDR4, jambo lililookoa fedha nyingi. Anayehamia 7800X3D hulazimika kununua ubao wa AM5 na RAM ya DDR5 pamoja. Kadi ya picha nayo huja na madai yake ya umeme: GeForce RTX 4090 hutumia hadi wati 450, na NVIDIA hupendekeza pawa saplai ya wati 850.

Kuhusu RAM, Microsoft Flight Simulator 2024 hutaka angalau gigabaiti 16, na 32 ndizo zinazopendekezwa. Diski ya SSD hufupisha muda wa kupakia safari, ila haiongezi fremu. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki wanaonunua intaneti kwa bando, ni muhimu kufahamu kwamba programu hiyo huvuta mandhari kutoka kwenye seva wakati ndege ikiruka, na hupendekeza kasi ya megabiti 50 kwa sekunde, ilhali X-Plane 12 hutunza mandhari yake kwenye diski ya mtumiaji na hivyo huruka hata bila mtandao.

Vifaa vya mkono na mguu vinastahili fungu lake katika bajeti mapema, si baada ya fedha kwisha, kwa kuwa pedali ndizo zinazomfunza mwanafunzi kuinyoosha ndege wakati upepo wa ubavuni unapoisukuma nje ya mstari wa kutua. Vile vya bei nafuu hupima mwendo kwa kikwaruzo kinachosugua ukanda wa ukinzani, ambao huchakaa na kuingia vumbi hadi usukani ukatetemeka wenyewe kwenye skrini. Vile vinavyotumia kihisi cha Hall hupima badiliko la uga wa sumaku bila sehemu yoyote kugusana, na kwa nyumba zenye vumbi au chumvi ya pwani tofauti hiyo ya bei inafaa kulipwa.