Bwawa la samaki likipungua maji, anza na ndoo kabla ya pampu

KILA asubuhi mfugaji anafika bwawani na kukuta maji yameshuka kidogo. Si mengi, ni kama inchi moja tu. Anawasha pampu, anajaza, anawatupia samaki chakula na kwenda kwenye kazi nyingine. Baada ya miezi minane anavua na kuuza, na akihesabu pesa haoni faida ilipokwenda. Analaumu bei ya chakula, mbegu mbaya, au wachuuzi waliomlalia. Ni nadra kuilaumu ile inchi moja.

Tatizo hili si geni nchini Kenya. Mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi, ufugaji wa samaki ulipewa nafasi kubwa. Yalikusudiwa mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila bwawa likiwa na mita 300 za mraba. Uchimbaji ulifanywa kwa haraka, mahali pengine katika udongo usioshika maji, na baadhi ya mabwawa hayo yalikauka au kuachwa. Kipimo hicho, yaani mita 15 kwa 20, bado ni cha kawaida mashambani na ndicho kinachotumika katika hesabu za hapa.

Katika bwawa la ukubwa huo, kila sentimita moja inayoshuka ni lita 3,000. Lakini si maji yote yanayopotea yamevuja. Jua na upepo huchukua sehemu yao, kwa kawaida milimita nne hadi sita kwa siku katika maeneo mengi ya joto, na zaidi penye ukame na upepo mkali. Mkulima anayechimbua tuta kwa sababu ya maji yaliyochukuliwa na jua amelipa kibarua bure.

Ndoo ndiyo inayotenganisha mambo haya mawili. Chukua ndoo ya lita 20 isiyo na ufa, ijaze maji ya bwawa hadi karibu na mdomo, kisha isimamishe ndani ya bwawa juu ya matofali ili mdomo ubaki nje ya maji. Tia jiwe ndani isiyumbe. Weka alama kwenye kimo cha maji ndani ya ndoo, na upigilie kijiti chenye alama bwawani, pembeni yake. Funga maji yanayoingia na yanayotoka. Baada ya saa 24 pima tena. Ndoo na bwawa vimepigwa na jua moja na upepo mmoja, kwa hiyo tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo maji yaliyovuja. Mvua ikinyesha katikati, anza upya. Siku tatu mfululizo zinaaminika kuliko siku moja, mradi ng'ombe wasiruhusiwe kunywa humo wakati huo.

Tuseme bwawa limeshuka milimita 25 na ndoo milimita tano. Milimita 20 zilizobaki ni lita 6,000, sawa na mitungi 300 ya lita 20, kila siku. Bwawa lenye kina cha wastani cha mita moja hubeba lita 300,000, kwa hiyo kila baada ya siku 50 ni kana kwamba bwawa zima limemwagwa. Kama pampu ndogo inatumia lita moja ya petroli kurudisha yaliyovuja, msimu wa siku 240 utakula lita 240. Bwawa hilo hilo likipandwa vifaranga 1,000, wakipona 800 na kufikia gramu 300 kila mmoja, litatoa kilo 240. Hiyo ni lita moja ya petroli kwa kila kilo ya samaki, kabla ya kununua hata gunia moja la chakula.

Mwenye maji ya mfereji yanayoteremka bila malipo huenda akaona hesabu hiyo haimhusu. Inamhusu pia, na pengine zaidi. Mfugaji wa ngege hutia samadi, na chokaa inapohitajika, ili maji yawe ya kijani, kwa maana ukijani huo ni chakula ambacho samaki hujipatia wenyewe. Maji yanayovuja huondoka na rutuba hiyo, na yanayoingia badala yake ni meupe na mara nyingi ni ya baridi, hasa yakitoka kijito cha mlimani. Ngege hukua vizuri katika joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi. Dalili yake ni rahisi kuiona: tumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, na kama kiganja bado kinaonekana waziwazi, rutuba imepungua. Hapo mfugaji hulazimika kujazia kwa chakula cha dukani, ambacho tayari mara nyingi kinachukua zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji.

Bwawa jipya lina msamaha wake. Karibu kila bwawa la udongo huvuja katika wiki za kwanza, na hupungua kuvuja kadiri matope laini na samadi vinavyoziba vitundu vya udongo. Asubiri kidogo mwenye bwawa la mwezi mmoja, huku akipima kila wiki na kuandika. Nambari zikishuka, asiguse kitu.

Kutafuta panapovuja

Wengi huanza kuchimba kabla ya kuangalia bomba, na hapo ndipo pesa hupotea. Kagua kwanza kifuniko na kiwiko cha bomba la kutolea maji. Kisha angalia mahali bomba linapopita ndani ya tuta. Plastiki ni laini na udongo haushikamani nayo, hivyo maji hupata njia ya kutambaa juu ya bomba hadi upande wa pili. Udongo unaozunguka bomba ukiwa na unyevu upande wa nje, umepata jibu bila kushika jembe.

Bomba likiwa salama, zunguka tuta kwa nje mapema asubuhi, hasa wakati wa kiangazi. Nyasi zilizo kijani mahali pamoja huku nyingine zimekauka, au ardhi inayobonyea chini ya mguu, huonyesha maji yanapotokea. Tafuta matundu ya kaa, fuko na kenge, vichuguu vya mchwa, na visiki vya miti iliyokatwa, kwa maana mzizi ukioza huacha mfereji ndani ya tuta.

Yote hayo yakikosa kutoa jibu, liache bwawa lijisemee. Acha kujaza, na kila asubuhi tia alama kwenye kijiti. Maji yakifika chini ya tundu, kasi ya kushuka hupungua ghafla na kubaki ile ya ndoo tu. Basi tundu liko kwenye kimo hicho, na mtafutaji ana mstari mmoja wa kukagua kuzunguka bwawa badala ya tuta zima. Kwenye mstari huo, mwaga taratibu maji ya matope au maziwa kidogo karibu na kila mahali panaposhukiwa, ukianza kabla maji hayajashuka chini ya tundu kabisa. Rangi ikivutwa kuelekea ukingoni, hapo ndipo. Maji yakiendelea kushuka bila kutulia hata yanapokaribia sakafu, basi ni sakafu yenyewe inayopitisha.

Zoezi hili lina hatari yake. Maji yakipungua samaki hubanana, hewa hupungua hasa alfajiri, na korongo hupata karamu. Punguza chakula, na maji yakikaribia nusu mita wahamishe samaki au wavue.

Jambo moja halingoji kijiti wala ndoo. Maji yanayotoka nje ya tuta yakiwa safi, kuna muda wa kupanga kazi. Yakiwa na matope, yanabeba udongo wa tuta kutoka ndani na tundu linapanuka saa hiyo hiyo. Shusha maji siku hiyo hiyo, kwa sababu tuta la namna hiyo linaweza kupasuka usiku na kumwaga samaki wote katika shamba la jirani.

Kuziba

Kuziba kwa nje ni kazi bure. Maji husukuma na kutafuta njia ya pembeni. Tengeneza kutoka ndani: fukua ukifuata tundu hadi mwisho wake, toa mizizi na kiota chote cha mchwa, kisha jaza udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kwa matabaka ya sentimita 15, ukishindilia kila tabaka kabla ya kuongeza jingine. Saruji iliyopakwa juu ya udongo uliolegea hupasuka mapema. Kwenye bomba, fukua pande zote, shindilia mfinyanzi, na ujenge kola ya zege kulizunguka katikati ya tuta ili maji yakose njia ya kutambaa.

Aina ya udongo hubadilisha kazi. Udongo mwekundu wa nyanda za juu una mfinyanzi mwingi lakini hupitisha maji mpaka ukandwe vizuri. Ule mweusi kama wa Mwea hushika maji ukiwa na unyevu, ila ukikauka hupasuka, na nyufa za juu ya tuta huonekana siku bwawa linapojazwa hadi mdomoni.

Sakafu nzima ikipitisha maji, njia ya bei nafuu ni kuilowesha na kuikanyaga kwa miguu ya watu au ng'ombe hadi iwe uji mzito. Wengine hutandika samadi, kisha majani ya migomba, kisha udongo, wakashindilia na kuacha wiki mbili au tatu kabla ya kutia maji. Uozo huo uliokosa hewa hufanya utelezi unaoziba vitundu.

Karatasi ya plastiki ya kutandika bwawani iwe chaguo la mwisho, ingawa mara nyingi huwa la kwanza kupendekezwa na wanaoiuza. Bwawa la mita 15 kwa 20 linaweza kuhitaji karibu mita 400 za mraba, kwa kuwa kuta na kingo pia hufunikwa. Mkulima aulize bei ya mita moja, azidishe, kisha alinganishe na zile lita za petroli. Penye mchanga mtupu itamlipa. Penye tundu moja la kaa haitamlipa kamwe.

Matangi ya kioo

Wafanyabiashara wanaouza samaki wa mapambo mjini wana tatizo hilo hilo kwa kipimo kidogo. Tangi la sentimita 60 kwa 30 likishuka sentimita moja limepoteza lita 1.8, kiasi cha kuozesha meza ya mbao polepole. Kagua kwanza mipira ya pampu ya hewa na chujio, maana matone huteremka kwa nje yakaonekana kama uvujaji. Kisha kausha kioo, pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, na uone inapolowa. Isipolowa popote, acha maji yashuke na utie alama yanapotulia.

Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Hamisha samaki, toa maji, kwangua ile ya zamani kwa wembe, safisha kwa spiriti na uache kioo kikauke kabisa. Tumia silikoni tupu, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Iache angalau saa 48, hadi harufu kama ya siki iishe. Baada ya hapo liweke tangi sakafuni juu ya magazeti makavu, lijaze, na uyakague magazeti asubuhi kabla ya kuwarudisha samaki.