Mizani ya bafuni: mnunuzi analipia nini?

Kampuni ya Withings ya Ufaransa ilianza kuuza mizani inayotuma uzito kwenye simu mwaka 2009. Nokia iliinunua mwaka 2016 kwa Euro milioni 170, ikairudisha kwa mmoja wa waanzilishi mwaka 2018.

Kilo zake ni za kuaminika, mradi mizani ikae kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia. Lakini mafuta ya mwilini, kipimo kinachopandisha bei, hukisiwa tu: umeme hafifu hupitishwa nyayoni, na maji au jasho hubadili hesabu. Heri kupima kila asubuhi kabla ya kula, na kutazama mwelekeo wa wiki kadhaa, kama bei za soko.

Mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha mapigo ya moyo asiipande. Muuzaji amweleze kabla ya kupokea fedha.