Sheria ya Moyoni: Tunaitunga au Tunaipokea?

Udhanaishi ni falsafa inayoanza na mtu mmoja mmoja: yupo duniani, yu huru, atakufa, na hana budi kuchagua namna ya kuishi. Mwaka 1945 Mfaransa Jean-Paul Sartre alifundisha jijini Paris kwamba, kwa kuwa kwake yeye Mungu hayupo, mwanadamu hujifanya mwenyewe kwa matendo yake. Wasomaji wa Kiswahili wamekutana na fikra hizo katika kazi za Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe. Riwaya yake Kichwamaji (1974) inamchora Kazimoto, msomi anayekosa maana ya maisha na hatimaye anajiua.

Basi, mtu asiyeamini sheria kutoka juu ataishi kwa kanuni gani? Jibu mojawapo limo katika hadithi fupi ya Mmarekani Ernest Hemingway, aliyewinda Kenya na Tanganyika mwaka 1933 na 1934. Katika hadithi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1936, tajiri Francis Macomber anakuja Afrika Mashariki kuwinda, akiongozwa na Robert Wilson, mwindaji mzoefu.

Macomber anamjeruhi simba, kisha anapendekeza aachwe kichakani. Wilson anakataa: mnyama anateseka, na mtu mwingine aweza kumkuta bila kujua. Hakuna anayemlazimisha, ndiyo kanuni yake. Hapa tunaona jambo la kuheshimiwa: mtu anayewajibika hata pale ambapo kukwepa ni rahisi.

Lakini Wilson huyohuyo anazini na mke wa Macomber, na dhamiri haimsumbui, kwa kuwa amezoea kuvichukua viwango vya wale wanaomlipa. Tena anawafukuza nyati kwa gari, akijua kwamba sheria inakataza. Udhaifu wa kanuni ya kujitungia umo hapo: mtungaji ndiye pia mwamuzi, naye huweza kuisogeza mipaka kila inapombana.

Kanisa halidharau swali la wadhanaishi. Gabriel Marcel, mwanafalsafa Mfaransa aliyebatizwa Mkatoliki mwaka 1929, aliandika juu ya uhuru na upweke wa mwanadamu, lakini akaonyesha kwamba mtu hujipata katika uaminifu kwa wengine na katika matumaini. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes (1965), unafundisha kwamba ndani ya dhamiri yake mwanadamu hugundua sheria ambayo hakujipa mwenyewe, bali anapaswa kuitii.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Geita. Kwenye maduara ya dhahabu zipo kanuni zisizoandikwa: mgao usidhulumiwe, mwenzako aliye chini asiachwe. Hizo ni njema. Hata hivyo, mtu aweza kuwa mwaminifu kabisa kwenye mgao wa mawe, huku mkewe na watoto nyumbani hawaoni hata shilingi. Kwa kanuni ya duara hana kosa. Mbele ya Mungu analo deni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapofanya uchunguzi wa dhamiri kabla ya Kitubio, usiishie kujiuliza kama umeshika kanuni zako. Jiulize pia: ni amri ipi ya Mungu ambayo kanuni zangu zimeiacha nje, na ni nani anayeumia kwa sababu hiyo?