Lubumbashi: wakati wa joto kali, divai nyekundu nayo inahitaji baridi

Mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, Lubumbashi inawaka. Mchana joto linapita mara nyingi digri 30, mabati yanalia kwa jua, na chini ya hema la arusi wageni wanajipepea kwa karatasi ya programu. Bia na sukre vimetolewa kwenye barafu. Lakini katikati ya kila meza ya wakubwa imesimama chupa ya divai nyekundu iliyopangwa pale tangu asubuhi, ili picha zipendeze. Inafunguliwa, baba wakwe wanamiminiwa, wanaonja mara moja, kisha glasi zinabaki zimejaa mpaka mwisho wa sherehe.

Jioni lawama inaangukia chupa. Wengine wanasema divai ilikuwa kali mno, wengine kwamba ni ya bei ya chini, na asiyekuwa na haya anasema ni ya uongo. Familia iliyochanga franka zake kwa miezi ili iwapokee wakwe kwa heshima inabaki na aibu. Mara nyingi, hata hivyo, chupa haina kosa. Ilinywewa tu ikiwa na joto la mchana wa mwezi wa kumi, kwa kufuata kanuni ambayo haikutungwa kwa ajili ya mji huu.

Kanuni ya nyumba za baridi

Watu wengi waliofundishwa kunywa divai wamesikia maneno haya: nyeupe inawekwa kwenye frigo, nyekundu inanywewa kwa joto la chumba. Wafaransa wana hata kitendo chao, "chambrer", maana yake kuipeleka chupa chumbani. Zamani, kabla ya nyumba za Ulaya kuwa na mitambo ya kupasha joto kila chumba, divai ilihifadhiwa katika pishi lililochimbwa chini ya ardhi, penye digri 12 hivi. Saa chache kabla ya chakula, chupa ilipandishwa hadi chumba cha kulia ili ipate joto kidogo. Chumba hicho chenyewe kilikuwa na digri 16 mpaka 18.

Hiyo ndiyo maana ya "joto la chumba" katika kanuni ile. Lubumbashi, digri 16 ni asubuhi ya kuvaa sweta. Sebule yenye mabati yasiyo na dari, saa nane ya mchana, inaweza kufika digri 30 na zaidi. Anayeiacha chupa humo kwa kuheshimu kanuni anaivunja bila kujua. Kwa Mfaransa wa zamani, kufuata kanuni kulikuwa kuipasha chupa joto. Kwa mkaaji wa Kenya, Katuba au Ruashi, kuifuata kanuni hiyo hiyo ni kuipooza.

Joto linafanya nini ndani ya glasi

Pombe hugeuka mvuke haraka kuliko maji. Divai ikiwa na joto kali, mvuke wa pombe unatangulia puani na kufunika harufu ya matunda. Mdomoni inachoma, utamu unakuwa mzito, uchachu unaoburudisha haisikiki tena. Ndiyo sababu mgeni anasema ni kali, hata kama kiasi cha pombe ndani yake ni cha kawaida.

Kuipooza kupita kiasi nako kuna hasara. Divai nyekundu ina tanini inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Ni aina ile ile ya kitu kinachokausha ulimi katika chai iliyochemshwa muda mrefu. Baridi kali inaifanya tanini isikike zaidi, na harufu inajificha. Chupa nzito iliyolala usiku mzima ndani ya frigo, penye digri 4 au 5, itakauka mdomoni na kuwa chungu.

Kipimo kiko katikati. Divai nyekundu nyepesi inapendeza kwenye digri 12 hadi 14. Nzito inahitaji 16 hadi 18, si zaidi. Asiye na kipima joto anaweza kutumia kiganja chake: chupa ya divai nyepesi isikike kama maji ya mtungi wa udongo, si kama bia iliyotoka kwenye frigo. Ni bora ianze ikiwa na baridi kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa sababu ndani ya glasi itapata joto yenyewe kwa dakika chache.

Kuchagua kabla ya kupooza

Si kila divai nyekundu inafaa kwa mchana wa joto. Jambo la kwanza la kusoma kwenye karatasi ya chupa ni kiasi cha pombe. Yenye asilimia 12 au 12,5 inabebeka vizuri chini ya hema. Yenye 14,5, iliyokaa muda mrefu ndani ya mapipa ya mbao, ingojee usiku na nyama ya kuchoma.

Jambo la pili ni aina ya zabibu. Gamay, zabibu ya Beaujolais kaskazini mwa mji wa Lyon, inatoa divai yenye tanini kidogo na harufu ya matunda mabichi, ambayo Wafaransa wenyewe huipooza bila kuona haya. Zabibu hiyo haikuheshimiwa sikuzote. Mwaka wa 1395, Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, aliamuru miti yake ing'olewe katika nchi yake, akiiona haina hadhi. Ilibaki hai upande wa kusini, na leo majina kama Brouilly, Fleurie na Morgon yanaandikwa kwenye chupa zake bora. Pinot Noir, na Cabernet Franc ya Chinon katika bonde la mto Loire, nazo zinakubali baridi kidogo. Italia kuna Lambrusco, nyekundu yenye povu, inayonywewa ikiwa baridi kabisa.

Katika magazini za Lubumbashi, mnunuzi anakutana pia na chupa za Afrika Kusini, nchi iliyo karibu zaidi na Katanga kuliko Ulaya. Huko divai ya kwanza ilikamuliwa mwaka wa 1659, katika eneo la Cape. Zabibu mbili za kule zinafaa kukumbukwa. Cinsault, iliyopandwa kwa wingi sana katika karne iliyopita, inatoa divai nyepesi inayopenda baridi. Pinotage ni mtoto wa Cinsault na Pinot Noir. Profesa Abraham Perold aliwachanganya wazazi hao wawili huko Stellenbosch mwaka wa 1925. Ziko Pinotage nzito zenye moshi, na ziko changa zenye matunda. Za mchana ni hizi changa.

Wengi katika mji wanapenda divai nyekundu tamu, na si lazima waone haya. Tamu ndiyo inayohitaji baridi kuliko zote, kwa sababu sukari ikipata joto inashika mdomo kama dawa ya kikohozi. Hiyo inaweza kukaa ndani ya frigo bila wasiwasi na kutolewa muda mfupi kabla ya kunywewa.

Njia ndefu na jua la dirishani

Kabla ya kufika mezani, chupa ya Afrika Kusini inayosafiri kwa barabara inavuka nchi zaidi ya moja, kisha inaingia Kongo kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Wenye kufanya biashara wanajua foleni za malori pale. Divai huhifadhiwa vizuri kwenye digri 10 hadi 15. Ikikaa muda mrefu juani ndani ya sanduku la chuma, inapikwa. Kioevu kinatanuka, kinasukuma kizibo, hewa inaingia, na ladha ya matunda inageuka kuwa ya jamu iliyoungua au siki.

Kwa hiyo mnunuzi aangalie shingo ya chupa kabla ya kutoa pesa. Kizibo kilichonyanyuka kupita mdomo wa chupa, au alama za divai iliyovuja na kukauka, ni dalili mbaya. Chupa iliyosimama dirishani ikipigwa na jua kila siku iachwe hapo hapo, hata kama ni ya maonyesho tu na muuzaji anapunguza bei. Zile za nyuma, gizani, ndizo za kuomba. Nyumbani zisiwekwe juu ya frigo, mahali ambapo mtambo unatoa joto, wala karibu na mbabula. Chini ya kitanda, katika chumba kisichopigwa na jua la mchana, ni pishi la kutosha kwa mwezi mmoja. Chupa yenye kizibo cha mti ilazwe, kizibo kisikauke.

Jambo hili linagusa hata altare. Kanuni ya 924 ya sheria za Kanisa Katolika inataka divai ya misa iwe ya asili, itokane na zabibu, na isiwe imeharibika. Parokia inayoweka akiba yake katika stoo yenye joto inajitafutia hasara isiyo ya pesa peke yake.

Umeme ukikatika

Ushauri unaosomwa katika vitabu vya Ulaya ni kuweka divai nyekundu ndani ya frigo kwa nusu saa. Lakini vitabu hivyo vinahesabu chupa yenye digri 20 au 22. Iliyofika 30 itahitaji saa moja na nusu au zaidi, kwa kuwa hewa ya frigo inapooza polepole. Na katika mji ambapo delestaji inaweza kuja bila kuaga, hakuna anayeweza kuihesabia frigo saa zake.

Beseni ni la kutegemea zaidi. Barafu peke yake haitoshi, kwa sababu inagusa chupa hapa na pale tu. Barafu iliyochanganywa na maji inaizunguka chupa yote, na divai yenye digri 30 inashuka hadi 14 au 15 katika robo saa hivi. Konzi ya chumvi ndani ya maji hayo inaongeza kasi. Kwa sherehe ya watu wengi, mabeseni mawili yanatosha: moja linapooza, lingine linatunza zilizokwisha kupoa. Chupa ziletwe mezani moja moja kadiri zinavyohitajika, si zote tangu asubuhi. Kwa ajili ya picha, chupa tupu iliyooshwa inapendeza sawasawa.

Mahali pasipo na barafu, kuna ujuzi wa bibi. Chupa inazungushiwa kitambaa kilicholowa maji na kuwekwa kivulini penye upepo. Maji yanapokauka yanachukua joto la chupa, kama vile mtungi wa udongo unavyopooza maji ya kunywa. Hewa kavu ya mwezi wa tisa na wa kumi inaisaidia sana njia hiyo. Haitaifikisha kwenye digri 12, lakini itaitoa katika hali ya kuchoma.

Anayemimina naye ana kazi yake. Glasi isijazwe. Theluthi moja inatosha, kisha inaongezwa kutoka kwenye chupa iliyobaki ndani ya beseni. Vipande vya barafu ndani ya glasi vinaleta maji, ingawa Wahispania, ambao joto lao la kiangazi ni kali, huchanganya divai nyekundu ya kawaida na limonada na barafu, wakaiita "tinto de verano", yaani divai nyekundu ya kiangazi. Kwa chupa ya bei ndogo, hakuna dhambi.

Pamoja na bukari

Divai nyepesi iliyopoozwa inafungua mlango ambao wengi walidhani umefungwa, ule wa samaki. Tanini nyingi ikikutana na mafuta ya samaki inaacha ladha ya chuma mdomoni. Gamay au Cinsault, yenye tanini kidogo, inapita salama na samaki wa kukaanga na bukari. Kwa kuku na sombe inafaa pia. Michopo ya mbuzi yenye pilipili inataka divai yenye matunda na pombe ndogo, kwa sababu pombe nyingi inauchochea moto wa pilipili. Chupa isiyokwisha ifungwe na kurudishwa kwenye frigo. Itanyweka siku tatu zaidi.

Inabaki tahadhari moja. Divai iliyopoa inashuka kwa urahisi, lakini pombe yake haijapungua, na mwili uliotoka jasho mchana kutwa unalewa upesi. Glasi ya maji kando ya kila glasi ya divai ni adabu nzuri ya mwenye sherehe, na dereva wa kurudisha wageni asimiminiwe.

Mvua zitakuja, usiku utapoa, na mwezi wa sita au wa saba asubuhi za Lubumbashi zitashuka chini ya digri 10. Hapo kanuni ya Wafaransa wa zamani itakuwa na haki yake, na chupa itastahili kukaa kidogo sebuleni ili ipate joto. Mpaka siku hiyo ifike, mahali pake ni ndani ya beseni pamoja na bia.