Wapiga besi, pigeni hesabu kabla ya kununua prosesa

MKULIMA anayelima kwa jembe la kuazima hulima siku ambayo mwenye jembe amepumzika. Ndivyo walivyoishi wanamuziki wengi wa dansi jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo baadaye ilikuja kuitwa Msondo Ngoma, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alipohama bendi, aliondoka na vidole vyake tu.

Leo kazi nyingi katika Kinondoni, Temeke na vitongoji vyake ni za usiku mmoja: harusi, baa, mkesha wa kanisani, shughuli ya taarab. Mpigaji anayeitwa kwa siku, yaani deiwaka, hukutana na amplifaya asiyoijua na fundi mitambo asiyemzoea. Akitoa sauti mbovu, haitwi tena. Ndiyo maana baadhi yao hutaka kununua prosesa ya besi. Je, ni zana ya kazi au ni pambo?

Ni kitu gani?

Prosesa ni kifaa kidogo kinachowekwa sakafuni na kuendeshwa kwa mguu. Gitaa huchomekwa upande mmoja, na waya wa upande wa pili huenda kwenye amplifaya au mikisa. Ndani yake sauti ya nyuzi hugeuzwa kuwa tarakimu, hufanyiwa kazi, kisha hurudishwa kuwa sauti. Zamani kila doido la sauti lilihitaji kisanduku chake, betri yake na waya wake. Prosesa huyakusanya yote mahali pamoja.

Miongoni mwa zile ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya besi ni Zoom B1 Four na Boss GT-1B. Zote mbili hutumia umeme wa volti 9 kupitia adapta, au betri 4 ndogo za AA kama zile za saa ya ukutani. Betri humfaa mpigaji anapokuta umeme wa ukumbi unaleta mngurumo kwenye spika.

Kazi yake ukumbini

Doido la kwanza kwa faida ni kompresa. Hii hupunguza mapigo makali ili yakaribiane na yale laini. Chemko linapoanza na mkono kuongeza kasi, noti hazipotei wala hazirukii watu masikioni.

La pili ni ikwalaiza, inayopanga uzito wa sauti nene na nyembamba. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Katika ukumbi wenye kuta tupu na paa la bati, sauti nene huzunguka na kufunika tumba pamoja na ngoma ya mguu. Mpigaji asiyejua huongeza besi. Anayejua hupunguza kidogo eneo la mara 200 hadi 300 kwa sekunde, na ghafla noti zinasikika moja moja.

La tatu ni kipimo cha kuwekea nyuzi sawa, ambacho hukuwezesha kusawazisha gitaa kimyakimya huku mwimbaji akizungumza na wageni. Korasi, okteva na ovadraivu zipo pia, lakini hizo ni kama pilipili: kidogo huongeza ladha, nyingi huharibu chungu kizima.

Makosa yanayoleta hasara

Kosa la kwanza ni adapta. Prosesa nyingi za aina hii hutaka ncha hasi iwe katikati ya plagi, wakati adapta nyingi za kawaida zina ncha chanya katikati. Soma mchoro mdogo ulioko kwenye kifaa na ule ulioko kwenye adapta, visipofanana, usichomeke. Volti ziwe sawa, na miliampia za adapta zisipungue zile zinazotakiwa.

Kosa la pili ni kuiga amplifaya mara mbili. Prosesa ina sauti za kuiga amplifaya. Ukienda moja kwa moja kwenye mikisa, ziwashe. Ukichomeka kwenye amplifaya halisi, anza kwa kuzizima, kwani mara nyingi sauti huwa nzito na yenye tope.

Kosa la tatu ni kupangilia sauti chumbani kwa sauti ya chini, kisha kuamini itafaa ukumbini. Fika mapema ujaribu. Hakikisha pia kila mpangilio una ukubwa sawa wa sauti, usije ukakanyaga swichi ukazama au ukapiga kelele.

Hesabu yenyewe

Tuseme, kwa mfano, prosesa na adapta vimekugharimu shilingi 480,000, nawe unatenga shilingi 10,000 kila onyesho. Utahitaji maonyesho 48. Ukipiga mara 2 kwa wiki, ni wiki 24, karibu miezi 6. Ukipiga mara 2 kwa mwezi, ni miaka 2 kamili, na hapo fedha hiyo pengine ingefaa zaidi kununua nyuzi mpya, waya imara au kulipia matengenezo ya gitaa lenyewe.

Wenye kazi chache wanaweza kuchangia kifaa kimoja, lakini waandikishane: nani anakitunza, nani analipa kikiharibika, na kinakwenda kwa nani siku kazi mbili zinapogongana. Anayekodisha naye aandike hali ya kifaa kinapotoka na kinaporudi.

Unaponunua, hasa kilichokwishatumika, nenda na gitaa lako. Kanyaga kila swichi, zungusha kila kitufe, tikisa jeki zote na usikilize kama zinakwaruza. Dai risiti. Nyumbani kihifadhi pakavu, ndani ya mfuko, kwa sababu unyevu na chumvi ya pwani hula jeki taratibu, na toa betri usipokitumia kwa muda mrefu.

Kwanza chukua daftari, uandike kazi ulizofanya miezi 3 iliyopita na malipo yake. Daftari hilo litakuambia ukweli kuliko muuza duka.