Utafiti wa magonjwa ya mifugo: nani alipe, na unamhusu vipi mfanyabiashara wa Bwera?

Wafanyabiashara na wasafirishaji wa mifugo wanaotumia njia ya Kasese kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe wanaijua gharama ya karantini. Mnada ukifungwa, ng'ombe aliyekwisha nunuliwa anaendelea kula, mchungaji anadai posho yake, na mkopo hausubiri. Mwanzoni mwa mwaka 2024, ugonjwa wa miguu na midomo ulisababisha wilaya zaidi ya 30 za Uganda kuwekwa karantini kwa wakati mmoja.

Hasara hiyo haiandikwi katika bajeti ya utafiti, lakini nayo ni malipo. Swali ni kama ni nafuu kulipa kabla ya ugonjwa au baada yake.

Ugonjwa uko njiani

Lori linalotoka Mbarara hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, likavuka daraja la Katunguru na kupinda Kikorongo kuelekea Bwera. Hifadhi hiyo inapakana na Virunga ya Kongo. Mwaka 2004 na 2005 kimeta kiliua viboko wapatao 300 upande wa Uganda. Mwaka 2025 kiliua viboko wasiopungua 50 upande wa Virunga. Ugonjwa haupangi foleni forodhani.

Nyati wa hifadhi hubeba virusi vya miguu na midomo bila kuugua. Mwaka 2013 watafiti walikuta aina iitwayo SAT 3, ambayo ni nadra, katika ndama wa Ankole aliyeonekana mzima na aliyekuwa akilisha eneo la hifadhi. Hilo ni muhimu kwa sababu chanjo ya aina moja haikingi aina nyingine. Bila maabara kutambua aina iliyopo, serikali inaweza kununua chanjo isiyofaa.

Antibiotiki haiui virusi

Chanjo ikikosekana, wengi hukimbilia duka la dawa kununua oksitetrasaiklini. Kwa kimeta, ambacho huletwa na bakteria, penisilini inaweza kumwokoa mnyama ikiwahi. Miguu na midomo ni virusi. Daktari anaweza kutoa antibiotiki kwa vidonda vilivyooza, lakini sindano haiondoi ugonjwa wenyewe wala haizuii mnyama kuambukiza wenzake.

Sindano hiyo ina gharama mbili. Kwanza, mabaki ya dawa hubaki katika nyama. Kwa baadhi ya oksitetrasaiklini za muda mrefu lebo hutaka kusubiri siku 28 kabla ya kuchinja. Pili, bakteria huzoea dawa. Mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani.

Kwa nini soko peke yake halitoshi

Kampuni hutengeneza bidhaa yenye wanunuzi wengi. Chanjo ya aina nadra inayopatikana katika nyati wa Kasese haina soko kubwa, na taarifa za maabara zikitoka humfaidi hata asiyezilipia. Kwa hiyo kila mmoja humsubiri mwenzake, na wote hubaki na antibiotiki ya bei rahisi.

Pengo hilo limekuwa likizibwa na wafadhili. Utafiti uliomhusu ndama yule uliungwa mkono na Denmark. Mfuko wa Fleming wa Uingereza, uliosaidia ufuatiliaji wa usugu wa dawa Uganda, ulitangaziwa kusitishiwa fedha mwaka 2025. Nchi za Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, lakini nyingi hazijafika hapo.

Kahawa inafundisha nini

Mwaka 1993 ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulionekana Bundibugyo, jirani na Kongo, kisha ukaangamiza robusta nyingi nchini. Watafiti wa Uganda walitoa miche inayostahimili ugonjwa huo. Kahawa ilikuwa na makato ya asilimia 1 kwa mauzo ya nje, yaliyoigharimia mamlaka ya zao, nayo ikachangia utafiti. Fedha za Ulaya zilisaidia, lakini sekta nayo ilikuwa na mkono wake.

Mifugo inaweza kufuata njia hiyo. Ushuru wa mnada tayari unalipwa. Sehemu ndogo ikitengwa kwa kupima sampuli na kutambua aina za virusi, na matokeo yakabandikwa mnadani, mlipaji ataona fedha yake inafanya nini. Kwa kuwa Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, sampuli za Kasindi na Mpondwe zinaweza kusomwa pamoja.

Wakati hayo yakisubiriwa, mnunuzi adai kibali cha kusafirisha mifugo, aulize tarehe ya sindano ya mwisho, na amwite afisa mifugo kabla ya muuza dawa. Mnyama aliyekufa ghafla asichunwe wala asipakiwe.