TUSIBISHANE JUU YA KUFUNGA

Ndugu msomaji, umewahi kusikia ubishi huu? "Kufunga gani huko, mtu anakunywa maji!" Mwingine anajibu, "Na ninyi mbona mfungo wenu hauna tarehe?" Maneno haya huleta chuki kati ya majirani. Kabla ya kulinganisha dini, tuziulize zote maswali yale yale.

Wanafunga lini? Waislamu hufunga mwezi wa Ramadhani, siku 29 au 30. Mwaka wao huhesabiwa kwa mwezi wa angani, una siku 354 au 355. Ndiyo maana Ramadhani huja mapema kila mwaka, kwa siku 10 au 11 hivi. Wakristo wengi wana Kwaresima, siku 40 kabla ya Pasaka, bila kuhesabu Jumapili. Pasaka nayo hupangwa kwa kutazama hesabu ya mwezi.

Wanafunga vipi? Mwislamu hali wala hanywi tangu alfajiri mpaka jua lizame. Mkatoliki, siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, hula mlo mmoja tu wa kushiba, na hali nyama. Maji anakunywa.

Mgonjwa je? Kote husamehewa.

Kwa nini wanafunga? Wote humtafuta Mungu na kuwakumbuka maskini.

Basi, usipime ibada ya jirani kwa pishi ya kwako. Muulize mwenyewe. Kuuliza si ujinga.